Matembezi katika Mji Mkongwe wa Ibo

Katika madarasa yetu tumezoea kuuanza mwambao wa Waswahili huko Barawa, tukateremka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, kisha tukaufikia Mto Ruvuma na kufunga kitabu. Mwanafunzi akiuliza ng'ambo ya mto kuna nini, jibu letu huwa fupi: huko ni Msumbiji, kwa Wareno. Jibu hilo si la uongo, ila limepungukiwa. Linamfanya kijana aamini kwamba lugha ilifika ukingoni mwa maji, ikaogopa kulowa miguu, ikarudi nyuma.

Madhumuni ya makala haya ni kumchukua msomaji matembezini katika mji mmoja tu wa pwani ya Cabo Delgado, nao ni mji mkongwe wa kisiwa cha Ibo. Tutapita penye ngome, kanisa, forodha na vibanda vya makuti, na kila mahali tutauliza maswali mawili. La kwanza ni lile la kila mtalii: nani alijenga, na lini? La pili ni letu sisi walimu wa lugha: watu wa hapa walisemezana kwa lugha gani? Nadhani swali la pili litatuonyesha mambo ambayo la kwanza peke yake haliwezi kuyaonyesha.

Nilifika Ibo mwaka 2016, nikitokea upande huu wa Ruvuma. Ukiuvuka mto unakutana kwanza na Palma, penye ghuba ya Tungi. Jina hilo la Tungi lisitupite hivi hivi. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, mwambao wa Sultani wa Zanzibar ulihesabiwa kuanzia Mto Minengani, ndani ya ghuba hiyo, hadi Kipini. Wareno hawakuridhika, na mwaka 1887 wakaitwaa Tungi kwa nguvu kutoka kwa Seyyid Barghash. Pembe ya Kionga, iliyo jirani na mlango wa Ruvuma, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, na Wareno wakaipata mwaka 1916 wakati wa vita vikuu vya kwanza. Kwa hiyo mpaka tunaouona kwenye ramani kama kwamba uliumbwa pamoja na mto wenyewe, ulichorwa juzi, tena kwa mizinga na kalamu za wageni.

Kutoka Palma njia inakwenda Mocímboa da Praia, kisha inashuka kusini hadi Quissanga. Karibu na hapo, mahali paitwapo Tandanhangue, msafiri huteremka mkokoni kungoja maji yajae, kwa sababu maji yakitoka chombo hakipiti. Tulivuka kwa mashua, tukipenya katikati ya mikoko, hata kuta nyeupe za mji zikatokea mbele yetu.

Kabla hatujapanda nchi kavu, tuyatazame majina. Ibo ni matamshi ya Wareno. Wenyeji husema Wibo. Nao hujiita Wamwani, na lugha yao ni Kimwani. Mswahili wa kaskazini akisikia "mwani" atafikiria majani ya baharini yanayokaushwa huko Unguja. La, hasha! Katika lugha yao, mwani ni pwani. Wamwani basi ni watu wa pwani, na hiyo ndiyo maana ile ile ya jina letu sisi, kwani "Swahili" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Watu wawili walitazama bahari moja, mmoja akajiita kwa neno la Kiarabu na mwingine kwa neno la Kibantu.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa kisiwani. Alizungumza Kireno na wazee wa serikali, Kimwani na mama yake, na Kiswahili na mimi. Kiswahili chake alisema amekipata kwa mabaharia na kwa jamaa zake wa Mtwara. Alinipeleka kwanza kwenye ngome ndogo ya São José, karibu na gati. Ngome hiyo ni ya mwaka 1760. Haina ukubwa wa kutisha, na mtu aliyekwisha kuiona Fort Jesus ya Mombasa aweza kuidharau. Lakini tarehe yake yaeleza jambo. Mwaka 1752 Ureno ilikuwa imeitenga Msumbiji na utawala wa Goa na kuipa gavana wake mwenyewe. Gavana huyo alikuta kwamba kaskazini mwa nchi yake biashara inakwenda bila yeye. Vyombo vya Waswahili, vya Waarabu na vya Wafaransa viliingia na kutoka visiwani bila ya kumlipa ushuru. Ngome ya São José ilijengwa ili kuidaka biashara hiyo, na katika miaka ile ile ya 1760 Ibo ikapewa cheo cha mji.

Wala tusidhani kwamba kabla ya hapo palikuwa pori. Katika kisiwa jirani cha Quirimba, ambacho ndicho kilichovipa visiwa vyote hivi jina, walikuwako wafanyabiashara Waislamu waliosuka nguo na kuzitia rangi ya nili tangu kabla ya Wareno kufika. Katika miaka ya 1520 Wareno waliwashambulia na kuuteketeza mji wao. Waandishi wa Kireno wenyewe wanasimulia kwamba walifanya hivyo kwa ombi la wakubwa wa Unguja na Pemba, waliodai kwamba watu wa visiwa hivi wamekataa kuwatii. Naam, hata ugomvi wao ulikuwa ugomvi wa jamaa wa mwambao mmoja, na mgeni akaingilia kati kwa faida yake.

Kutoka gati tulikwenda hadi uwanja mkuu, na hapo pana kanisa jeupe linaloelekea baharini. Nikamwuliza mwongozaji Wareno waliliitaje jengo hili. Akasema, "Igreja." Nikamwomba alitamke tena polepole, kisha nikamwambia atazame upande wa pili wa mji, ilipo ngome kubwa iliyopata kuwa kifungo. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba neno letu "gereza" limetokana na hilo "igreja", yaani kanisa. Inasemekana kwamba Wareno walikuwa wakiweka makanisa yao ndani ya ngome, na wakaao nje ya kuta, wakiona watu wanaingizwa humo na hawatoki, walilichukua neno na kulipa maana waliyoiona wao. Meza, leso, bendera na padri ni maneno yaliyopokewa kwa amani. Lakini gereza ni neno lililobeba ushahidi. Mwalimu anayelifundisha kama neno la mkopo tu, bila ya kisa chake, amewanyima wanafunzi nusu ya somo.

Kisha tukafuata barabara ya nyumba za mawe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vifaa vile vile vya Lamu na Unguja. Sura yake, hata hivyo, ni tofauti. Nyumba ya Lamu huipa njia mgongo na kuuficha uzuri wake ndani. Nyumba ya Ibo ina varanda pana mbele, yenye nguzo nene, na mwenye nyumba huketi hapo akitazama wapitao. Fundi alikuwa mmoja na udongo mmoja, ila aliyeagiza alikuwa na desturi nyingine. Nyingi ya nyumba hizo nilizikuta bila paa, na mitini imeota ndani ya kuta, mizizi yake imeyakumbatia mawe.

Tukasimama mbele ya forodha ya zamani. Hapa ndipo ilipohesabiwa mali: pembe za ndovu, nta, makome, na watu. Ndiyo, watu. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 Wafaransa walihitaji watumwa kwa mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Walimu wa historia wanakumbuka kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wafaransa hao hao walifika Ibo. Hata baada ya Ureno kuipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1836, vyombo viliendelea kupakia watu kwa siri katika mikono ya bahari kwa miaka mingi. Utajiri uliojenga varanda hizi ulipita mlango huu. Mwongozaji wangu alisema neno moja tu hapo: "Mwalimu, hapa hatuketi." Tukaendelea mbele.

Jengo lililofuata lilikuwa nyumba iliyotumika kwa kazi za utawala. Hapo nikaliuliza swali langu la pili waziwazi. "Wazee wako," nikasema, "walizungumza na gavana kwa lugha gani?" Kijana akacheka. "Mwalimu, gavana ndiye aliyetafuta wa kumsemea."

Alisema kweli kuliko pengine alivyojua. Katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, iliyoko Maputo, yamehifadhiwa mamia ya barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtafiti Liazzat Bonate amezieleza barua hizo katika maandishi yake. Nyingi ni za Kiswahili, na baadhi yake ni za hapa Cabo Delgado. Waandishi wake ni masultani, mashehe na wakuu wa bara na pwani, nao wanawaandikia maofisa wa Kireno: wanatuma salamu, wanalalamika, wanadai haki zao, wanaahidi urafiki, wanaomba zawadi walizozoea kupewa. Serikali ya Kireno ililazimika kumwajiri mfasiri rasmi wa kuzisoma na kuzijibu. Cheo chake kwa Kireno kilikuwa "língua do Estado", yaani ulimi wa dola.

Ndugu walimu, tulitafakari jina hilo. Dola ilikuwa na ngome, mizinga, bendera na mihuri, lakini ulimi wake ilibidi iuazime. Katika pwani hii, iliyodaiwa na Ureno tangu karne ya 16, bado katika karne ya 19 mambo ya vita na amani yalikuwa yakiandikwa kwa Kiswahili. Hilo halikutokea kwa sababu Wareno walikipenda Kiswahili. Lilitokea kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu. Mkuu wa Kimakua au wa Kiyao aliyetaka kumwandikia Mreno alimtafuta mwalimu wa chuo, akaandikiwa kwa herufi za msahafu na kwa lugha ya pwani. Lugha yetu basi ilikuwa lugha ya barua za serikali kusini mwa Ruvuma kabla hata Wajerumani hawajaifanya kuwa lugha ya utawala kaskazini mwake.

Ngome kubwa ya São João Baptista imesimama ukingoni mwa mji, na mlangoni pake umeandikwa mwaka 1791. Imejengwa kwa umbo la nyota, ili mizinga iweze kutupa risasi pande zote. Hofu haikuwa ya bure. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini walikuja kwa makundi ya ngalawa, wakavishambulia visiwa vya Quirimbas na kuchukua mateka. Wenye kuta za mawe walijihifadhi, na walio nje walichukuliwa.

Ngome hiyo ilikuja kupata kazi nyingine. FRELIMO ilianza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika mkoa huu huu wa Cabo Delgado. Tangu hapo vyumba vya ngome vilijazwa wafungwa wa siasa, na wengi wao hawakutoka wakiwa hai. Milango ilifunguliwa pale utawala wa Kireno ulipoanguka, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hapo ndipo nilipolikumbuka tena neno gereza, na safari hii sikuwa na haja ya kamusi.

Nilipofika mimi, mlangoni mwa ngome walikuwa wameketi masonara. Sonara wa Ibo huyeyusha fedha, huivuta iwe uzi mwembamba kama unywele, kisha huisokota ikawa mkufu au kipuli. Zamani waliyeyusha sarafu za kale. Vyombo vyao ni vichache: makaa, nyundo ndogo, koleo, na bomba la kupulizia moto. Nilisikiliza mazungumzo yao ya Kimwani, nami nikaambulia kama nusu yake. Wataalamu hawajakubaliana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha iliyo peke yake. Thilo Schadeberg, katika makala yake ya mwaka 1994, alikiweka kwenye ukingo wa kusini wa Kiswahili. Kwa sikio langu, maneno mengi yalikuwa ya nyumbani lakini sarufi ilikuwa na jamaa wengine, hasa wa upande wa Wamakonde. Mwalimu asiwe mwepesi kusema kwamba watu hawa "wanakosea Kiswahili". Hawakosei chochote, wanasema lugha yao.

Mwisho tulitoka mji wa mawe tukaingia mitaa ya wananchi. Mtaa wa mawe huitwa Cimento, yaani saruji; mitaa mingine miwili ni Rituto na Kumwamba. Huko pana ngome ya tatu, ya Santo António, ya karne ya 19, lakini kilichonivuta si ngome. Nyumba huko ni za miti na udongo, zimeezekwa kwa makuti. Wareno wa Msumbiji nao huziita nyumba za "macuti", na shamba huliita "machamba". Basi mkopo ulikwenda pande zote mbili: tulichukua kwao meza, wakachukua kwetu makuti. Kina mama walikuwa wamepaka msiro mweupe nyusoni, watoto walikuwa wakisoma chuoni, na uani palikuwa na mibuni ya kahawa ya Ibo, yenye punje ndogo. Mtaa wa Cimento ulikuwa kimya, na mitaa hii ilikuwa imejaa sauti.

Kwa nini mji wa mawe ukanyamaza? Sababu ni maji. Bandari ya Ibo ni ya kina kifupi, yafaa kwa jahazi na si kwa meli. Kampuni ya Niassa, iliyopewa na Ureno mamlaka juu ya nchi ya kaskazini mwaka 1891, ilianza kwa kukaa Ibo, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ikahamia Porto Amélia, penye bandari ya kina kirefu. Mji huo ndio unaoitwa leo Pemba, nao tusiuchanganye na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar. Mwaka 1929 mamlaka ya Kampuni yalikwisha, na Porto Amélia ikawa makao makuu ya mkoa. Matajiri wakafuata meli, na maskini wakabaki na lugha.

Siwezi kuyafunga matembezi haya kana kwamba mji umebaki kama nilivyouacha. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vya waasi vilianza Mocímboa da Praia. Mji huo ulitekwa mwezi Agosti 2020 na kukombolewa mwezi Agosti mwaka uliofuata. Palma nayo ilishambuliwa mwezi Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huu waliyakimbia makazi yao, na baadhi yao walikimbilia Ibo. Katikati ya misiba hiyo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipiga pwani hii na kuharibu nyumba nyingi mno kisiwani. Kuta zilizokwisha kudhoofishwa na mitini zilianguka, na paa za makuti zilipeperushwa.

Jiwe likianguka, fundi hulirudisha au hulipiga picha. Neno likianguka, nani wa kuliokota? Mtoto aliyekimbia Mocímboa na kukulia kambini miongoni mwa watu wa lugha nyingine aweza kufika utu uzima bila ya maneno ya bibi yake. Kwa bahati njema zipo juhudi. Tangu mwaka 2003 Msumbiji imeingiza lugha za wenyeji, Kimwani ikiwa mojawapo, katika elimu ya msingi pamoja na Kireno. Aidha, mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Lakini maazimio ya mikutano hayafundishi darasa. Darasa hufundishwa na mwalimu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, ramani ya mwambao wa Waswahili tunayoichora ubaoni isikomee Ruvuma. Iendelee hadi Ibo, na zaidi hadi Angoche, kwenye Kiekoti. Pili, tunapofundisha maandishi ya kale ya Kiswahili, tusitaje tenzi na mashairi ya kaskazini tu. Tuzitaje pia barua za kusini, ambazo zaonyesha lugha ikifanya kazi ya kila siku ya kudai na kupatanisha. Tatu, kila mwalimu awatembeze wanafunzi wake katika mji au kijiji chake mwenyewe, hata kama hakina ngome. Wakifika penye jengo la zamani, wasiandike tu nani alijenga na lini. Waandike pia linaitwaje, jina hilo limetoka wapi, na wazee waliokaa nje ya kuta zake waliliitaje.

Tulipoagana gatini, maji yalikuwa yameanza kutoka na nahodha alikuwa akituharakisha. Nilimshukuru mwongozaji wangu, nikamwambia kwamba amenifundisha mengi. Akajibu, "Nenda uwaambie huko kwenu kwamba na sisi tupo." Nami ndiyo hayo nimeyasema.